Salamu za Saa Nne

Wagonjwa waliniita Sista Mikono Nyuma, na sikuwahi kuwakataza. Katika wodi yetu muuguzi anayejua kazi yake anasimama hatua moja kutoka kwa mgonjwa, mikono ameifunga nyuma ya mgongo, na anatazama. Mgonjwa anahangaika na soksi, jasho linamtoka, anakutupia jicho la kuomba, na wewe umesimama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Ndugu zake wakikukuta hivyo wanakuchukia. Nimeshaitwa katili, nimeshaitwa mvivu, na mama mmoja aliwahi kuniuliza kama na mshahara nachukua. Lakini mtu ukimvalisha soksi leo, kesho atakunyooshea mguu. Ndiyo maana mikono naifunga, kwa sababu na mimi ni binadamu na mikono yangu inawashwa kama ya wengine.

Wodi ina vitanda kumi na viwili, na mtu anakaa wiki tatu. Wanatuletea waliovunjika nyonga, waliobadilishwa goti na waliopigwa na kiharusi, wakishatoka kwenye hatari. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tunampa mlangoni. Siku ya kwanza mtu anajifunza kukaa ukingoni mwa kitanda bila kuanguka. Wiki ya tatu anapanda ngazi za mbao zilizo mwisho wa ukumbi, ngazi sita zisizokwenda popote. Halafu kuna fomu. Fomu ina mambo kumi: kuoga, kuvaa, choo, ngazi, kuchemsha chai bila kujiunguza, na mengine ya namna hiyo, na mbele ya kila jambo naandika moja kati ya maneno matatu: anajiweza, anasaidiwa, hajiwezi. Akipata "anajiweza" nane, anarudi kwake. Chini kabisa kuna mstari wa kumi na moja, wa mtu mzima atakayekuwa naye nyumbani. Mstari huo huwa naujaza bila kufikiri, kwa sababu kwa kawaida mtu huyo amekaa mbele yangu na mkoba mapajani.

Fundi aliletwa siku ya Jumatatu. Alikuwa fundi bomba aliyestaafu, mwenye miaka sabini na miwili, mrefu, mwenye vidole kama bisibisi. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Mdomo ulishaanza kurudi mahali pake na maneno aliyapata, ila aliyatoa mojamoja. Kwenye faili lake kulikuwa na mstari ulionikera: alikaa nyumbani muda wa saa tisa kabla ya kuletwa hospitali. Kiharusi ni ugonjwa wa dakika. Nikajisemea, hawa walikuwa wanamkanda kwa maji ya moto, au wanamsubiri shemeji mwenye gari. Nikawahukumu wote hapohapo, nikafunga faili.

Binti yake mkubwa alinipigia simu siku hiyohiyo. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni, mwendo wa siku nzima kwa basi, na aliongea kama anayesoma ratiba.

"Sista, mimi sitaki kufichwa. Baba akiwa hajiwezi, nimeshapanga na kaka yangu. Baba anakuja kwangu, mama anakwenda kwa kaka. Mama ni mwembamba, hawezi kumnyanyua mtu. Na hakuna kati yetu mwenye nafasi ya kuwachukua wote wawili."

"Na akiwa anajiweza?"

"Basi warudi kwao kama zamani. Mimi sina shida."

Nikamwambia kikao cha familia ni Alhamisi ya wiki ya tatu, aje mwenyewe. Kesho yake nikamweleza Fundi mpango wa wanawe, maana simfichi mtu habari zinazomhusu.

"Miaka arobaini na sita," akasema. "Hatujalala nyumba mbili. Ila alipokwenda kujifungua. Na sasa hivi." Akapumzika kidogo. "Hiyo fomu yako. Mambo mangapi?"

"Kumi."

"Yanatakiwa mangapi?"

"Nane."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyetajiwa urefu wa bomba, akaomba ashushwe kitandani aanze.

Sijawahi kuwa na mgonjwa aliyefanya kazi kama yule. Alipanda ngazi zetu hadi mtu wa mazoezi akamwomba apumzike kwa heshima ya wengine. Wiki ya pili bomba la jiko la mazoezi lilianza kudondosha maji, na kabla sijaandika barua ya kumwita fundi wa hospitali, yeye alishalifungua, akabadilisha mpira wa ndani kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishikilia, na kulifunga tena. Nilisimama pale, mikono nyuma. Nikaandika: mikono yote miwili inashirikiana.

Jambo moja tu lilimshinda: vifungo vya shati.

Na hapo ndipo aliponiudhi mkewe. Alikuja kila siku saa nne kamili asubuhi, mwembamba kweli, nadhifu, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri. Jirani, aliyekuwa akilala nyumbani kwao kwa muda huo, alimshusha getini na kumfuata saa sita. Wodini alianza na salamu, na salamu zake zilikuwa za kiwango cha juu. Hakuruka kitanda hata kimoja. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa sababu meza yangu iko mlangoni.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Siku ya kwanza nilimwambia kweli: mama, mimi sina watoto, na mume pia sina. Akanishika mkono, akanipa pole ya moyoni, akasema Mungu hajalala. Siku ya pili akaniuliza tena: watoto hawajambo? Nikaona hiyo ni adabu tu. Watu wazima wa namna yake hawaachi salamu ikae na pengo. Nikajibu hawajambo. Siku ya tatu akauliza na baba yao, naye nikasema hajambo. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa na mume na watoto watatu, wote wazima, na siku moja niliyoamka na furaha nikajiongezea wa nne, anayetambaa. Ilinichekesha. Sikuona ubaya wa kuzaa kwa mdomo.

Akimaliza salamu alikwenda kwa mumewe, akakaa kitandani, akamfungua vifungo vya shati vyote sita na kumfunga upya, kimoja kimoja, kutoka juu kwenda chini. Kola akaisawazisha. Kisha akampiga kifuani kidogo kwa kiganja, kama mtu anayejaribu godoro, na akacheka.

"Mama," nilimwambia, "mwache afunge mwenyewe. Hapa ndiyo shule."

"Nimesikia, mwanangu," akasema, na vidole vyake vikaendelea.

Nilimwambia kila siku, na kila siku alinisikia.

Jumanne ya wiki ya tatu nilifika kazini mapema. Mlango wa wodi una kioo kidogo, na mazoea yangu ni kuchungulia kwanza kabla ya kuingia, maana mtu akijua anatazamwa hufanya vitu vingine. Nikamwona Fundi amekaa ukingoni mwa kitanda, anafunga vifungo. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vizito, lakini kifungo kilipita tunduni, na cha pili, na mpaka cha sita. Akavitazama. Kisha akavifungua vyote, akavaa sura ya mgonjwa, na kusubiri saa nne.

Niliingia kama polisi.

"Mzee, kumbe unadeka!"

Hakushtuka. "Mwanamume akidekezwa na mkewe, ni dhambi?"

"Ni dhambi kwenye fomu yangu. Nimeandika unasaidiwa."

"Acha hivyohivyo," akasema. "Mimi nimehesabu, Sista. Mambo ni kumi, yanatakiwa nane. Ngazi nimekupa. Choo nimekupa. Chai nimekupa, na bomba nikakutengenezea. Vifungo nimemwachia yeye."

Nikamwambia hii ni hospitali, si fungate. Wagonjwa waliokuwa macho wakacheka. Nilikwenda mezani kwangu nimeridhika na maneno yangu, nikaandika kwenye daftari la zamu: anadeka. Neno hilo bado liko pale, kwa mwandiko wangu.

Jumatano walikuja watu wa kupaka rangi. Ikabidi tusogeze vitanda, na Fundi akahamishiwa dirishani. Pale alipokuwa akalazwa dereva wa malori aliyebadilishwa goti, mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha. Saa nne mama akaingia. Akanisalimia, akanijulia hali ya watoto, akapita kitanda hadi kitanda na salamu zake. Alipofika kwa Dereva akakaa, akaanza kumfungua shati.

"Jamani!" akasema Dereva. "Mama, mimi nimeoa!"

Wodi ikalipuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Mama hakuinua macho. Alikuwa anatazama vifungo, si uso. "Tulia, baba watoto," akamwambia, na akaendelea na cha pili.

"Mama watoto." Ilikuwa sauti ya Fundi kutoka dirishani. "Nipo huku."

Akageuka. Akamtazama mumewe, akamtazama Dereva, kisha mumewe tena, na kwa muda mfupi nilimwona usoni mtu anayetakiwa kuchagua na hajui achague nini. Halafu akacheka kutushinda sote. "Ninyi watu! Mnahamisha waume za watu bila taarifa!"

Wakampigia makofi. Mtu mmoja peke yake, dirishani, hakucheka, naye alikuwa ananitazama mimi, kuona kama nimeona.

Saa sita alipopita mezani kwangu akienda kwa jirani, akasimama kuniaga. "Basi mwanangu, nyumbani wasalimie. Watoto hawajambo?"

"Mama," nikasema, "mimi nina watoto wangapi?"

Akatabasamu. "Watoto hawahesabiwi, mwanangu."

Ni kweli, wapo wazee wasiopenda watoto wahesabiwe. Jibu halikuwa na kasoro hata kidogo. Nilibaki nimesimama baada ya yeye kuondoka, nikipitisha kichwani salamu za wiki mbili na nusu, nikitafuta ndani yake kitu chochote ambacho mama yule aliniambia nje ya salamu. Ile pole ya siku ya kwanza, na Mungu hajalala. Basi.

Mchana nilimkuta Fundi kwenye jiko la mazoezi, anachemsha chai ambayo hakuna aliyemwomba. Nikafunga mlango.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mzee."

Akamimina maji polepole bila kumwaga. "Mwaka na nusu. Alianza na chumvi. Anatia, anageuka, anatia tena. Nikamwambia, mimi nimestaafu, acha nipike mimi, nisije kuoza. Akakubali. Halafu ikaja kufua. Halafu njia ya sokoni." Alisema bila kuniangalia. "Kila kitu nimemwondolea taratibu ili asione kimeondoka. Vifungo vimebaki. Hivyo vidole vyake vinavijua vyenyewe."

"Watoto wako wanajua?"

"Wanapiga simu kila Jumapili. Mama hajambo? Hajambo. Wewe umewahi kuona mtu wa kumshinda kwa salamu?"

"Mficha maradhi, mzee..."

"Najua. Kilio humuumbua. Lakini na mimi najua yangu. Funika kombe, Sista."

"Mwanaharamu apite. Na mwanaharamu ni nani, mimi?"

"Fomu yako," akasema. "Wewe sijakutukana."

Nilimwambia kikao ni kesho, na ama aseme yeye au nitasema mimi. Alinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia, akakirudisha mezani bila kunywa. Nilikuwa na hasira naye, lakini sehemu kubwa ya ile hasira ilikuwa yangu mwenyewe. Miaka ishirini na mitatu nalipwa kutazama watu, na mama mzima alinipita mlangoni kila asubuhi akiwa amepotea, nami namjibu hawajambo. Angekuja mtu anayelia ningemwona. Huyu alikuja na adabu.

Alhamisi, chumba cha kikao: meza moja, viti vinne, na chupa ya chai. Daktari alipita, akasema maendeleo ni mazuri sana, akapita kwenda kwingine. Binti alikuwa mrefu kama baba yake, miwani kwenye kamba, kalamu mbili mfukoni. Mama alipoingia, binti alisimama na kumwinamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakusalimia."

Ilikuwa salamu yangu. Karibu neno kwa neno, na mahali palepale pa kuvuta pumzi. Nikainamisha kichwa kwenye fomu.

Nikasoma jambo moja baada ya jingine. Anajiweza tisa, anasaidiwa moja. Binti akaachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu kwake.

"Baba, ngazi unapanda, vifungo vinakushinda?"

"Mama yako ananidekeza," Fundi akasema, na wote wakacheka, mama pia.

"Basi tumemaliza. Kwenye mtu wa nyumbani, andika mama."

Nikaweka kalamu mezani. Nikamtazama Fundi. Naye alikuwa anaitazama meza kama inavuja mahali.

"Mzee," nikasema.

"Mwanangu," akaanza, akachagua neno, akaliacha, akachagua lingine. "Mama yako anasahau."

"Baba, sote tunasahau. Mimi leo nimesahau chaja."

"Hapana. Anasahau mimi nani."

Binti akanigeukia mimi, kama mkuu wa shule anayemgeukia mwalimu wa zamu. "Sista, hii ni nini? Mimi naongea na mama kila Jumapili. Juzi tumeongea nusu saa nzima."

"Mliongea nini?" nikamuuliza.

"Mambo ya kawaida. Aliniuliza habari za kazi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nzuri. Akaniuliza watoto, nikasema hawajambo. Akaniuliza..." Alikuwa mwanamke asiyekosa jibu, na nilimwona anatafuta katika Jumapili moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Nilijua anachokikuta, kwa sababu nami nilikipekua jana yake. Akavua miwani.

"Mama," akasema. "Mimi nani?"

"He! Maswali gani hayo, mwanangu? Mtu husahau jina lake mwenyewe?"

Fundi akacheka kidogo kwa mazoea. Binti naye alianza kucheka, akaacha.

"Mama, niambie. Mimi nani?"

"Wewe si mwanangu," mama akasema, na akampapasa shavu. Alisema kwa mapenzi kabisa, na sikuona uongo ndani yake.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa usafi aliingiza kichwa kuuliza kama tumemaliza na vikombe. Mama akamgeukia kwa uso uleule na mkono uleule umenyooka. "Hujambo, mwanangu? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama," akasema yule wa usafi, akachukua vikombe viwili na kutoka.

Nilitamani kumshika binti bega, na nakiri nilikaribia. Alipozungumza, sauti haikuwa ile ya ratiba.

"Siku ulipopigwa na kiharusi. Hospitali waliniambia ulichelewa. Mlikuwa wawili tu nyumbani."

"Ndiyo."

"Masaa tisa, baba."

"Nilianguka chumbani, alfajiri. Mdomo hautoi neno. Jirani akabisha hodi asubuhi, mama yako akatoka. Nikamsikia. Nzuri tu, akamwambia, mzee amelala." Fundi alisimulia bila haraka, anavuta neno, anapumzika. "Jirani akaenda zake. Si alijibiwa? Aliporudi mchana ndipo akaingia mwenyewe."

"Angekuua!"

"Alinifunika blanketi. Akakaa sakafuni na mimi, akanishika mkono, huu uliokufa. Hakutoka tena, hata maji hakunywa. Hakujua nina nini, lakini alijua nisiachwe."

Mama alikuwa anasikiliza kwa heshima, kama mtu anayesimuliwa habari za watu wa mtaa mwingine.

"Na bado unataka kurudi naye palepale," binti akasema.

"Palepale anajua choo kiko wapi. Kwa kaka yako hatajua. Na mkitutenganisha, nikija kumtembelea mwezi ujao, atanisalimia vizuri sana." Akafuta jicho la kulia, ambalo tangu kiharusi lilikuwa linatoa machozi bila ruhusa. "Sitaki kusalimiwa."

Ilikuwa zamu yangu, na nilisema nilichokuwa na haki ya kusema. "Mama sitamwandika. Nikimwandika nitakuwa nimedanganya, na mmoja wao atadhurika. Mzee anajiweza, hilo nimeliona kwa macho yangu, pamoja na vifungo. Anaweza kuishi na mama na kumwangalia, ikiwa kuna mtu mzima mwingine anayelala ndani ya nyumba hiyo. Asipokuwepo, siwezi kuwaruhusu. Nahitaji jina, sasa."

Nikarudia swali kama lilivyo kwenye fomu, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. "Nani atakuwepo nyumbani na mgonjwa?"

"Mimi nipo," akasema mama.

Tukamtazama.

"Mimi nipo, mwanangu," akaniambia, kwa upole, kama aliyeona nina wasiwasi. "Siendi popote."

Nimeshika kalamu ile miaka mingi na sikumbuki siku nyingine iliponishinda kuandika. Binti alinyoosha mkono, akaichukua kutoka kwangu, akaivuta fomu upande wake. Aliandika jina lake mwenyewe, lote, kwa mwandiko wa ubaoni, na akaweka sahihi. Kisha akabaki anaitazama ile sahihi.

"Jumatatu nina wanafunzi mia sita," akasema, si kwangu wala kwa baba yake. "Sijui nitafanyaje."

"Mwanangu," Fundi akasema.

"Baba, usinishukuru. Nimekukasirikia." Akasimama, akatoa simu. "Ngoja nimpigie kaka."

Alitoka kwenda ukumbini na hakufunga mlango. Nilikuwa najaza tarehe, na nilimsikia wazi. Kaka yake alipokea, na kama ilivyo kwetu, salamu zikatangulia. Hakuna njia ya kuzipita.

"Sijambo, kaka. Nzuri. Nimefika salama, basi lilichelewa kidogo... Baba hajambo, anatembea mwenyewe, ngazi anapanda... Watoto nimewaacha wazima."

Akasikiliza. Sikuhitaji kusikia upande wa pili.

"Hajambo," binti akasema, haraka, kama sisi sote.

Kisha nikasikia bega lake likiegemea ukuta.

"Hapana. Kaka, ngoja, nimekosea. Mama ana jambo."